Kofia ya Chuma Isiyo na Chuma

Katika mambo yaliyowashika sana vijana wetu wa zama hizi, filamu ni jambo la mbele. Ziko mijini na ziko vijijini. Hutazamwa katika vibanda vya video na hutazamwa katika simu za mkononi, na hata huku kwetu Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mtoto anayechunga ng'ombe kando ya mto Mbaka aweza kukutajia mashujaa wa filamu kwa wepesi kuliko majina ya babu zake. Wazazi wengine hukasirika wakazima, na wengine hunyamaza wakaacha. Sisi twaona ya kwamba kukasirika peke yake si malezi, na kunyamaza peke yake pia si malezi. Yapasa mzazi aketi na mtoto wake, alitazame lile linalompendeza, kisha amwulize maswali matatu: kitu hiki kimefanywaje, nani amekifanya, na kwa makusudi gani? Swali hilo la tatu ndilo zito, na ndilo tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu, kwa habari ya kofia moja iliyofanywa nyumbani kwetu.

Mpwa wetu, kijana wa miaka 19, alikuja kukaa kwetu baada ya kumaliza kidato cha nne. Baba yake ni mvuvi wa Matema, na kijana alikuwa akingojea ada ipatikane ili aingie chuo cha ufundi. Usiku mmoja wa Sikukuu ya Idi tulitazama pamoja filamu ya The Message, ambayo kwa Kiarabu huitwa Ar-Risala. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1976 na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Syria. Aliipiga Moroko na Libya, na aliipiga mara mbili kwa waigizaji mbalimbali, moja kwa Kiingereza na moja kwa Kiarabu, na ndani yake Bwana Mtume s.a.w. haonekani wala sauti yake haisikiki. Sisi tulikuwa tukifuata habari ya Badri na Uhud. Kijana wetu alikuwa akitazama vichwa vya wapiganaji. Taa ilipowashwa akatuuliza, "Mjomba, kofia zile za chuma zimekaa miaka mingapi hata zikawa na makovu na kutu kiasi kile?"

Tukamjibu kuwa yamkini hazikuwa zimekaa hata mwaka mmoja. Akashangaa. Kwake yeye, kitu kilichochakaa ni kitu kilichoishi. Hakupata kuwaza kuwa uchakavu nao waweza kutiwa kwa brashi.

Kwa hakika iko kazi kamili ya namna hiyo katika ulimwengu wa filamu. Wako mafundi ambao ujira wao ni kuchakaza vipya: hupewa joho lililotoka cherehani asubuhi, na jioni hulirudisha likiwa limepauka mabegani, limechanika upindoni, na lina vumbi la safari ya mwezi mzima. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ambayo sehemu zake zilipigwa katika jangwa la Tunisia, ilisifiwa sana kwa jambo hilo. Habari yake ni ya kubuniwa tupu, ya nyota na vyombo vya angani, walakini vyombo vile vilionekana vimetumika, vina mafuta, mikwaruzo na vumbi, na kwa hiyo watu wakaviona kama vitu vya kweli. Aidha katika filamu nyingi za vita vya kale, nguo za pete za chuma ambazo mtazamaji huona zinawalemea wapiganaji si chuma hata kidogo. Ni nyuzi nzito zilizofumwa kwa mkono, kisha zikapakwa rangi ya fedha.

Nazo nakala za kofia hizo zimekuwa biashara duniani, hata zikafika mahakamani. Fundi mmoja wa Uingereza, Andrew Ainsworth, aliyezitengeneza kofia nyeupe za askari wa Star Wars mwaka 1976, alianza mwaka 2004 kuwauzia watu nakala zake. Wenye filamu wakamshitaki. Shauri lilipanda hata Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 27 Julai 2011 majaji wakahukumu kuwa kofia ile si sanamu ya sanaa kwa sheria za nchi ile, bali ni chombo kilichofanywa ili kitumike katika kupiga filamu. Tunalitaja shauri hili kwa sababu moja tu: kofia ya plastiki iliwafanya wazee wa sheria waketi na kuuliza, kitu hiki ni nini hasa? Swali hilo halimhusu mwenye mahakama peke yake. Lilitufikia na sisi barazani.

Hatukumkataza kijana alipotaka kutengeneza ya kwake. Kofia ya vita si kitu kigeni katika habari zetu. Qur'ani Tukufu yatueleza kuwa Nabii Daudi a.s. alilainishiwa chuma akafundishwa kufanya mavazi ya vita, na imepokewa kuwa Bwana Mtume s.a.w. aliingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra hali amevaa kofia ya chuma kichwani. Kadhalika siku ya Uhud, pete za kofia yake zilimwingia shavuni. Basi anayeijua habari hiyo haioni kofia kama pambo. Tulimwambia kijana wetu hivi: "Fanya, lakini kila kovu utakalotia, ujue nini kililifanya."

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwani huenda wakawako vijana watakaopenda kujaribu, na vifaa vyake havihitaji mfuko mkubwa.

Kalibu ilikuwa chungu. Watu wa pwani hii wanavijua vyungu vya Wakisi, ambavyo wanawake wa Ikombe na vijiji vya jirani huvifinyanga kwa mikono, wakavichoma, wakavipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha vikaja kwa mitumbwi hata soko la Lyulilo, karibu na Matema. Kitako cha chungu cha Kikisi ni duara safi, na kilichofaa kichwa cha mtu mzima hakikuwa kigumu kupatikana. Kijana alikipindua, akakipaka mafuta ya mawese ili karatasi isigande, kisha akabandika vipande vya magazeti ya zamani kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Tabaka la kwanza alilaza vipande kwa urefu, la pili kwa upana, na hivyo hivyo hata tabaka sita, kila moja likingojewa likauke. Ilikuwa mwezi wa Juni. Mwenye kuijua Kyela atafahamu kwa nini tunautaja mwezi: katika masika, tangu Machi hata Mei, mvua hutunyeshea pasi na huruma, na karatasi yenye uji wa muhogo hushika koga kabla haijashika umbo.

Ilipokauka aliivua katika chungu, akaongeza ncha ya juu na kinga ya pua kwa katoni, na kwa vichwa vya misumari akabandika mbegu za mbaazi zilizokatwa nusu. Kisha akapaka chokaa laini iliyochanganywa na gundi, akaisugua kwa msasa, akapaka tena, akasugua tena, hata mkono usihisi ya kuwa chini ni gazeti. Kwa ile nguo ya pete inayoshuka shingoni alichukua kipande cha nyavu kuukuu za baba yake, akakikunja mara tatu na kukishonea pembezoni. Nyavu zilizokuwa zikishika samaki zikawa sasa zalinda shingo.

Rangi ya kwanza ilikuwa nyeusi, kote kote. Juu ya nyeusi, rangi ya fedha. Lakini siyo kwa kuipaka ikafunika, bali kwa kitambaa chenye rangi kidogo, akisugua kwa mzunguko, ili weusi ubaki umejificha katika mabonde. Hapo kofia ilikwisha kuwa nzuri. Iling'aa kama sufuria mpya dukani. Kijana akaitazama, akasema, "Hii ni kofia ya mtu ambaye hajaenda vitani." Tukajua kuwa ameanza kuifahamu kazi yake.

Kabla ya kuichakaza tulimtaka aende akatazame chuma chenyewe kinavyochakaa. Akatembea siku mbili. Alitazama mabati ya nyumba, akaona kutu haianzi katikati ya bati bali penye tundu la msumari na penye maungio, mahali maji yanapokaa, kisha hutiririka chini ikaacha michirizi. Alikwenda hata Bandari ya Itungi akatazama minyororo na vyuma vilivyoachwa mvuani. Alitazama majembe. Jambo la majembe ndilo lililomkalia moyoni, akarudi akatueleza: jembe lililotupwa nyuma ya nyumba lina kutu mwili mzima, lakini jembe linalolima, hata likiwa kuukuu kiasi gani, makali yake hung'aa, kutu huwa karibu na mpini tu, pale udongo usipofika kulisugua. Kumbe uzee wa kitu kilichotumika na uzee wa kitu kilichoachwa ni mambo mawili mbalimbali, na mwenye macho aweza kuyatenganisha.

Tulimweleza naye sababu. Kutu ni chuma kilichoungana na maji na hewa. Nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana huvimba, ikainua rangi na kubanduka magamba. Chumvi huiharakisha, na kwa hiyo msumari wa pwani ya bahari huliwa upesi kuliko wa ziwa letu ambalo maji yake ni matamu. Tukamkumbusha pia kuwa chuma si kigeni katika nchi hii. Wakinga, walio juu katika milima ya Livingstone, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki, wakiteremka kubadilishana na Wanyakyusa wa bondeni kwa chakula, kama vile Wakisi walivyobadilishana vyungu vyao. Katika mabonde haya mtu aliyeshika jembe alijua ametoa nini ili alipate.

Basi akaanza kuchakaza. Penye sehemu alizotaka rangi ibanduke, alilowesha kidogo akanyunyiza chumvi ya mawe, akapaka rangi ya kahawia juu yake; ilipokauka akasugua, chembe zikatoka na rangi zikaacha mashimo yenye kingo za kuchanika kama za bati lililoliwa. Kisha akazimua rangi nyeusi na kahawia hata ikawa kama chai, akaimwagia kofia nzima, na kabla haijakauka akaifuta kwa kitambaa. Uchafu ukabaki penye mifereji na kuzunguka vichwa vya misumari, mahali ambapo mkono wa mwenye kofia usingeweza kufika kusafisha. Halafu akachukua brashi iliyo karibu kukauka, akaipitisha juu ya kingo tu, zikapata weupe wa chuma kilichosuguliwa. Kutu yenyewe aliipata kwa kukwangua bati la zamani: unga wake akauchanganya na gundi akauweka chini ya misumari na kuuvuta chini kwa kidole, kama mvua ingalivyouvuta. Mwisho alisaga risasi ya penseli akaisugua penye ncha na kinga ya pua, na hapo karatasi ikatoa mng'ao baridi wa chuma, hata sisi tuliojua siri tulinyosha mkono kuipima.

Makovu aliyatia matatu tu. Moja refu upande wa kushoto, kwa kuwa, alisema, anayepigana kwa mkono wa kuume hupiga upande wa kushoto wa aliye mbele yake. La pili fupi juu ya jicho. La tatu lilikuwa bonde dogo nyuma, "pale alipoanguka." Angalitia thelathini, kofia ingalikuwa takataka. Matatu yalitosha kusimulia.

Haya yote, ndugu wasomaji, yalikuwa furaha. Jambo lenyewe lilikuja baadaye.

Kofia ilikuwa imewekwa barazani ikauke vanishi. Akapita mtu, mnunuzi wa vitu vya kale, anayezunguka pwani hii akitafuta vigoda, mikuki na masufuria ya shaba ili akawauzie wageni mijini. Akasimama, akatoa salamu, akaiinua. Uzito ukamwambia mara moja kuwa ni karatasi. Hakucheka. Aliigeuza akaitazama kutu yake kwa muda mrefu, kisha akauliza mkono ulioifanya ni wa nani. Alipoonyeshwa, akasema, "Mzee, hii ya karatasi ni mchezo wa watoto, lakini mkono huu ni mali. Mpelekeni kwa fundi bati, pipa la mafuta likatwe, lifuliwe umbo hili hili, naye kijana alitie kutu yake. Nitachukua kumi, kila moja shilingi 60,000. Habari yake niachieni mimi."

Tukamwuliza habari gani. Akasema, "Zimefukuliwa Mpata, kwenye boma la Mlozi."

Wasiojua wapaswa kuelezwa. Mlozi alikuwa mfanyabiashara aliyeweka ngome yake huko Mpata, karibu na Karonga, upande wa pili wa mto Songwe, katika miaka ya 1880. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, akapigana na kampuni ya Waingereza ya maziwa tangu 1887, na mnamo Desemba 1895 ngome yake ikavunjwa, naye akakamatwa na kunyongwa. Watu wengi wa pande hizi walipoteza jamaa zao katika miaka ile. Na kwa kuwa Mlozi na watu wake walijulikana kwa lugha ya Kiswahili na kwa dini ya Kiislamu, habari ile inatuhusu sisi Waislamu wa ziwani kwa namna isiyo nyepesi. Haipasi kufichwa, wala haipasi kupambwa.

Shilingi 600,000 katika nyumba yetu hazikuwa neno dogo. Injini ya mashua ya shemeji yetu ilikuwa imekufa, ada ya chuo ilikuwa haijapatikana hata robo, na kijana alikuwa akiona wenzake wanaondoka. Mnunuzi alipokwenda zake Matema, akisema atarudi baada ya siku tatu, kijana alikaa kimya hata Magharibi. Kisha akatuambia maneno ambayo hatuwezi kuyadharau. "Mjomba, mimi sitasema uongo. Mimi nitauza bati na rangi, na yeye ajua kuwa ni bati na rangi. Atakayedanganya ni yeye, na dhambi ni yake."

Hoja hii twaisikia kila mahali, wala si ya vijana peke yao. Aandikaye stakabadhi isiyo kweli husema ameandika tu. Apakiaye mzigo wa magendo husema amepakia tu. Tulitaka tumjibu kwa uadilifu, si kwa ukali.

Tulimkumbusha kwanza ile habari mashuhuri iliyopokewa, ya kuwa Bwana Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyoloa juu ili watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Tukamwambia, "Tazama vizuri, mwanangu. Mtu yule hakutamka neno lolote la uongo. Alinyamaza tu, na nafaka kavu iliyokuwa juu ikasema kwa niaba yake. Kutu yako nayo itasema. Ndiyo sababu anaitaka. Kama isingalikuwa na ulimi, asingaliinunua."

Akasema, "Lakini kutu hii hii ilikuwa halali katika filamu, na ilikuwa halali jana barazani."

Hilo nalo ni neno la haki, na ndilo kiini cha mambo. Brashi ni ile ile, rangi ni ile ile, na kutu imetoka bati lile lile. Lakini aketiye kutazama filamu ameingia akijua kuwa ni maigizo. Hakuna aliyemwibia yakini yake. Atazamaye kofia barazani huambiwa ni karatasi, akazidi kuisifu. Ama yule mgeni atakayetoa fedha nyingi mjini, hatanunua kazi ya mkono wako. Atanunua miaka mia moja na thelathini ambayo haimo. Ukimwambia ukweli, hanunui. Basi kilichouzwa ni kule kutokujua kwake.

Halafu tukamwuliza habari ya mchele. Hakuna mtu wa Kyela asiyelijua jambo hili. Mchele wetu umesifika nchi nzima kwa harufu yake, na kwa sababu ya sifa hiyo, malalamiko ni ya siku nyingi ya kuwa katika masoko ya mbali mchele wa kwingineko huchanganywa au hutiwa katika magunia ukaitwa "wa Kyela". Mkulima wa hapa, aliyesimama ndani ya maji tangu kupandikiza hata kuvuna, huibiwa jina lake na mtu asiyemjua, naye mlaji hula asichonunua. Kila mwaka sisi hulalamika. Tukamwambia, "Yule anayeliandika gunia naye husema kuwa yeye ameandika tu. Sisi tuliochukizwa na jina la uongo juu ya mchele, tutalitia jina la uongo juu ya bati?"

Na la tatu lilikuwa la wale waliouzwa. Waliopitishwa Mpata hawakuacha kofia wala panga; wameacha habari tu, na habari ndiyo mali yao pekee iliyobaki. Kitu cha uongo kikiingia kabatini mwa mtu na karatasi yake ya uongo, kesho kitapigwa picha, keshokutwa kitaandikwa kitabuni, na mtoto wa Karonga au wa Kyela atasomeshwa mambo ya babu zake kwa kutu ya kijana wetu. Tena sheria yenyewe haiachi mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kitu cha kale kuuzwa wala kutolewa nchini bila ya idhini. Kofia zikiwa za kweli, mnunuzi huyu hana haki ya kuzichuuza. Zikiwa za uongo, ni udanganyifu. Kotekote ni ukuta.

Kijana hakujibu. Mama yake, aliyekuwa amekuja kutujulia hali, alisema neno moja tu: "Ada ni ada, lakini usinifanye nikaogopa kuuliza fedha imetoka wapi."

Siku ya pili yake tulimkuta ameipindua ile kofia magotini, anaandika ndani kwa brashi ndogo, kwa herufi safi: kazi ya mkono, karatasi na rangi, Kyela, na mwaka. Mnunuzi aliporudi, kijana mwenyewe ndiye aliyempokea. Alimwambia kuwa yu tayari kufanya kumi za bati, kwa bei ile ile, maadamu kila moja ndani yake yatagongwa kwa msumari maneno hayo hayo. Mnunuzi akacheka, safari hii akacheka kweli. Akasema kuwa maandishi yale yanakula bei, na kwamba kofia yenye maandishi thamani yake ni shilingi 8,000. Wakaagana kwa salamu. Hatukumwona tena.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kuwa baada ya hapo mambo yalifunguka. Hayakufunguka upesi. Kikundi kimoja cha maigizo cha Mbeya kilisikia habari, kikanunua kofia mbili za karatasi, zenye maandishi yake, kwa shilingi 20,000 kila moja. Hizo ni 40,000, si 600,000. Kijana alirudi Matema kuvua na baba yake katika mtumbwi wa kuazima, na hata tunapoandika haya ada haijatimia. Imefika nusu, kwa samaki, kwa kofia na kwa kidogo tulichoweza sisi. Uaminifu una gharama, na asiyewaambia vijana gharama yake huwafundisha nusu ya somo. Watakapoikuta wenyewe njiani watadhani wameonewa.

Kutokana na habari hii twapenda kuwausia wazazi na vijana mambo machache.

Kwanza, msiidharau kazi ya mikono kwa kuwa imetoka katika filamu. Kijana anayeweza kusema kutu huanzia wapi amejifunza kutazama, na anayejua kutazama atakuwa fundi popote. Chungu cha Kikisi, nyavu kuukuu na magazeti vilitosha kumpa mwalimu wa mwezi mzima.

Pili, nyinyi vijana, mkifanya nakala ya kitu, iandikeni ndani yake kuwa ni nakala. Andiko hilo halipunguzi ufundi wenu. Bali lauonyesha, kwa kuwa atakayeisifu kofia baada ya kusoma andiko atakuwa amekusifu wewe, si uzee wa kubuniwa. Na mtakapokosa mnunuzi kwa sababu ya andiko, mtakuwa mmejua alitaka kununua nini.

Tatu, sisi wazazi tusiwaache watoto peke yao wakati wa jaribu la fedha. Ni wepesi sana mtu kukataza akiwa ameshiba. Yapasa tuketi nao, tusikilize hoja zao hata mwisho, tuwajibu kwa yale wanayoyajua, mchele na mashua na majembe, kisha tutie mkono mfukoni kwa kadiri Mwenyezi Mungu alivyotujaalia.

Jembe linalolima hung'aa makali yake, japo ni kuukuu. Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu tuwe wa namna hiyo: tuzeeke kwa kutumika, wala tusijipake uzee wa heshima tusiyoifanyia kazi. Amin.